Mitihani ya kujipima ya wilaya: maswali yafungiwe kabatini au yaachiwe watu wote?

Mwl wa Mwambao (Kigoma)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni, walimu wenzangu poleni na majukumu. Nina jambo naomba tulijadili kwa kina maana kamati yetu ya taaluma inakaa karibuni na mi ni mmoja wa wanaotakiwa kutoa maoni, sitaki niende pale na maneno ya hewani.

Iko hivi. Mi ni mtaaluma wa shule ya msingi huku mwambao wa ziwa, zile sehemu ambazo ukitaka kwenda mjini unasubiri boti na upepo ukichafuka unalala. Darasa la saba kila mwaka wanafanya mitihani ya kujipima ya wilaya, halafu mock ya mkoa, halafu ndo ule wa taifa wa Septemba. Mwaka huu Hisabati ya kujipima ilizagaa kwenye magrupu ya WhatsApp usiku wa kuamkia siku yenyewe, tena picha safi kabisa, karatasi imelazwa mezani unaona mpaka kivuli cha simu iliyopiga. Kuna shule watoto waliamka wanajua swali la mwisho linauliza nini. Kwangu mtandao wa kueleweka hakuna, watoto wakaingia na akili zao tu, matokeo yalipotoka tumepangwa mkiani na mwalimu wangu wa Hisabati kaandikiwa barua ajieleze kwa nini kashusha ufaulu. Inauma jamani, kijana yule anafundisha mpaka jioni.

Sasa kamati imekuja na pendekezo kwamba kuanzia mwakani karatasi zote za maswali zikishafanywa zikusanywe, zihesabiwe, zirudishwe wilayani zifungiwe. Mtoto asitoke na hata ukurasa mmoja, mwalimu asibaki na nakala, mzazi apewe alama basi. Sababu zao ni mbili, ya kwanza usalama, ya pili wanataka maswali yaleyale wayatumie tena miaka ya mbele ili waone kama ufaulu unapanda kweli au unashuka.

Hapo ndo nimekwama. Pepa ilivuja KABLA mtoto yeyote hajaishika, kufuli linaenda kuwekwa BAADA, sasa hilo kufuli linamzuia nani? Aliyepiga ile picha hakuwa mwanafunzi. Na mi zile karatasi zilizobaki ndo zinanisaidia kufundisha. Nitoe mfano, kulikuwa na swali la kujumlisha nusu na theluthi. Watoto wangu wengi walichagua mbili ya tano. Ukiwa na alama tu unaona mtoto kakosa, ukiwa na swali pamoja na majibu yote matano mbele yako unaona mtoto kajumlisha vya juu peke yake na vya chini peke yake, moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Hilo sio tatizo la uvivu, ni kwamba hajaelewa sehemu ni kitu gani, na tiba yake naijua, nachukua makaratasi tunakunja na kukata darasani mpaka wanaona wenyewe kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo, sa jumla inakuaje ndogo kuliko kilichojumlishwa. Bila karatasi ya maswali ningejulia wapi?

Lakini pia naelewa hoja yao, maswali yakiachiwa hayawezi kurudiwa tena, na kutunga upya kila mwaka ni gharama. Wenzetu wa Tabora na kwingine mnafanyaje? Yaachiwe yote, yafungiwe yote, au kuna njia nyingine?

---

Mama Wawili (Mwanga, Kigoma mjini)

Mwalimu asante kwa kulileta hili maana sisi wazazi tunaongea vibarazani tu hakuna anayetuuliza.

Mi mwanangu yuko la saba. Michango ya mitihani natoa, sijawahi kulalamika, natembeza dagaa na mawese lakini hela ya mtihani naitenga. Matokeo yakija nashikishwa kikaratasi kimeandikwa Hisabati 19, Kiswahili 34, Sayansi 27. Basi. Namuuliza mtoto ulikosa wapi anasema mama sikumbuki. Kweli atakumbuka vipi. Baba yake hesabu anaziweza vizuri tu, angeiona ile karatasi wangekaa nayo Jumapili wakapitia, ila nikienda shule naambiwa karatasi ni za ofisi. Sasa ni za ofisi vipi wakati nimezilipia mimi na maswali kajibu mwanangu?

Halafu ile pepa ya kuvuja na mimi nilitumiwa. Kuna mtu kwenye grupu la wazazi alikuwa anauza elfu tano, unamtumia kwa simu anakurushia picha. Nilikataa, na sio kwamba sina elfu tano, niliona mtoto wangu akifaulu mtihani wa kujipima kwa njia hiyo Septemba nitamfichia wapi. Ila wazazi wenzangu walinunua na siwasemi vibaya, kila mtu anaogopa mwanawe kubaki nyuma. Kwaiyo mi nasema hivi, siku ya mtihani fungeni hata kwa minyororo, mtihani ukiisha tupeni karatasi zetu.

---

Mstaafu wa Uyui (Tabora)

Mwangaluka wote. Mwalimu wa Mwambao pole sana, na huyo kijana wa Hisabati mfikishie salamu zangu asivunjike moyo.

Nimefanya kazi ya kutunga na kuhakiki mitihani ya ngazi ya wilaya na mkoa muda mrefu kabla sijastaafu kwaiyo niruhusuni niandike kirefu kidogo. Hapa kuna vitu viwili vimechanganywa na vikichanganywa hivi mtagombana mpaka kesho. Kuna usiri wa mtihani ambao haujafanywa, na kuna umiliki wa mtihani ambao umeshafanywa. Usiri una mwisho wake. Saa ile msimamizi anasema wekeni kalamu chini, siri imekwisha kwa sehemu kubwa sana, kinachobaki baada ya hapo ni elimu, na elimu haifungiwi kabatini.

Tuangalie historia yetu wenyewe. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilivuja ikafutwa, watoto wakarudia. 2008 Hisabati ya kidato cha nne ikavuja, ikafutwa. 2011 darasa la saba watahiniwa 9,736 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na mwaka uliofuata ndo Baraza la Mitihani likaleta zile fomu za kusiliba, yaani mtoto anatia kivuli kwenye herufi ya jibu, zinazosahihishwa na mashine. 2018 ikawa zamu ya Chemba kule Dodoma, shule za halmashauri nzima zikafutiwa pamoja na baadhi ya shule za Dar es Salaam na Mwanza, wakarudia mtihani tarehe 8 Oktoba. 2022 tena wakafutiwa 2,194. Sasa nawauliza, kati ya hizo zote ni ipi ilitokana na mzazi kupitia karatasi ya mtihani wa mwaka jana na mwanae? Hakuna. Zote ni watu wazima wenye dhamana, kabla ya mtihani au ndani ya chumba cha mtihani. Kwaiyo mkikusanya karatasi kwa watoto mtakuwa mnalinda mlango ambao mwizi hapiti.

Na jirani zetu Kenya walilielewa hili. 2016, wakati Matiang'i ni waziri wa elimu na Magoha ni mwenyekiti wa baraza lao la mitihani, hawakuhangaika na karatasi zilizokwisha fanywa, walihangaika na njia ambayo karatasi inapita. Mitihani ikakaa kwenye makontena yenye ulinzi, mkuu wa shule anaenda kuchukua mwenyewe asubuhi na kusaini. Waliopata A ya jumla kidato cha nne mwaka wa nyuma yake walikuwa zaidi ya 2,600, mwaka ule wakabaki 141. Sijasema kushuka kote kunatokana na hilo peke yake, ila kila mtu aliona kwamba kuna kitu kilikuwa kinaendelea na kimekatwa.

Sasa hoja ya pili ya kamati yenu, kurudia maswali ili kulinganisha mwaka na mwaka. Hii ni hoja ya kweli msiibeze. Tuseme mwaka huu wastani wa wilaya ni 21 kati ya 50 na mwakani ni 26, utajuaje kama watoto wameelewa zaidi au mtungaji kalegeza? Hujui. Ili ujue lazima kuwe na maswali kadhaa yanayofanana miaka yote miwili. Ila sio lazima yawe yote 45! Yakiwa kumi yaliyochaguliwa vizuri, yamegusa mada zote, mepesi na magumu, kwa wilaya yatakupa picha ya kutosha. Hayo kumi yachapwe kwenye karatasi yake pembeni, yakusanywe na kuhesabiwa, yasihesabiwe kwenye alama za mtoto wala kupangia shule. Yale mengine 45 yaachiwe yote pamoja na majibu.

Na mkijaribu kurudia mtihani mzima mtaumia, wamejaribu wakubwa wakashindwa. Marekani wana mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo. Walikuwa wanarudia karatasi zilezile nchi za nje baada ya kutumika kwao, na vituo vya tuisheni Asia vikawa vinakusanya maswali kutoka kwa waliofanya, kila mtu anakumbuka mawili matatu wanaunganisha. Mwezi Mei 2013 walilazimika kufuta mtihani Korea Kusini nchi nzima, na 2016 Reuters wakaandika kwa kirefu jinsi ule mchezo unavyokwenda. Karatasi zilikusanywa na kuhesabiwa vizuri tu, ila kichwa cha mtoto hakikusanywi. Aliyepona ni nani? Tajiri mwenye hela ya kituo cha tuisheni. Mtoto wa Kaliua au wa huko kwenu mwambao hataziona kamwe. Ukifungia, haimaanishi hakuna atakayepata, inamaanisha atapata mwenye mtu.

Kulekule Marekani, jimbo la New York, 1979 walitunga sheria kwamba mitihani ya aina hiyo ya kuingilia vyuo, ikishafanywa, mtahiniwa ana haki ya kuona maswali na majibu yake. Kampuni za mitihani zilipiga kelele gharama zitapanda maswali yataisha. Hayajaisha mpaka leo.

---

Kasulu Kwetu

Mzee shikamoo. Nakubaliana na wewe kwenye mengi ila kuna upande hamjaugusa na mimi unanisumbua sana.

Mi nafundisha sekondari, napokea watoto wanaotoka huko msingi. Tatizo langu na kuachia mapepa ni kwamba walimu wameacha kufundisha, wanafundisha pepa. Januari mpaka Agosti la saba ni kurukia mitihani ya zamani tu, ya Pwani, ya Mbeya, ya Kagera, ya kanda sijui ipi, mtoto anajua jibu ni C kabla hajamaliza kusoma swali. Nina mtoto kidato cha kwanza alikuja na A ya Kiswahili, nikamwambia andika barua kwa mjomba wako umweleze ulivyosafiri kuja shule, aliandika mistari miwili akakaa. Kazoea kusiliba. Kila karatasi mnayoiachia inaenda kuongezwa kwenye lile rundo, na atakayechapa kitabu cha mapepa 100 na majibu yake ndo anakula faida.

Kwaiyo sio kwamba naunga mkono kabati, hapana, kabati ni kudhulumu watu. Ila kama mnaachia basi achieni na maelezo, sio maswali na herufi za majibu. Baraza la Mitihani wana kitu kizuri sana ambacho walimu wengi hawakisomi, zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina yake, iko kwenye tovuti yao bure. Humo kuna swali lenyewe, wangapi walichagua A, wangapi B, na kwa nini yule aliyechagua B alipotea, mpaka mifano ya majibu yaliyoandikwa kwa mkono na watoto wenyewe, mazuri na mabaya. Hicho ndo alichofanya Mwl wa Mwambao na ile nusu na theluthi yake. Mtu akisoma vile hafundishi pepa tena, anafundisha kosa. Wilaya ikiachia mtihani ikaambatanisha kurasa tano za namna hiyo kwa kila somo, mi nitaunga mkono kwa mikono miwili.

---

Kudurufu Tabora

Habarini walimu na wazazi. Mi sio mwalimu, nina steshenari hapa Tabora mjini, ila nadhani kwenye hili naweza kuwa na la kuwaambia maana mitihani ya kujipima mingi ya shule inapita mikononi mwetu watu wa kudurufu, na mkifungia makabati yenu bila kuja kuangalia huku kwetu mnapoteza muda.

Nawaeleza pepa inavyopita. Mtu anakuja na flashi kutoka ofisini, kajaa jasho, anasema fanya haraka gari inaondoka. Flashi inachomekwa kwenye kompyuta ya dukani, ile ambayo mchana kutwa wanakaa watu kuandika barua za kazi. Faili linakopiwa kwenye desktopu ili lifunguke vizuri. Linatolewa nakala moja kwenye printa, hiyo ndo mama. Ile nakala mama inawekwa kwenye mashine ya kudurufu, mashine inachonga masta, ni kama ngozi nyembamba inazungushiwa kwenye dramu, wino unapita kwenye vitobo. Nakala za kwanza kumi mpaka ishirini hazitoki vizuri, nyeusi sana au zimefifia, zinatupwa pembeni. Kazi ikiisha masta inatolewa inaingia kwenye boksi la takataka humohumo kwenye mashine.

Hesabuni sasa mtihani umebaki wapi. Uko kwenye flashi, hata ukifuta, mtu anayejua anairudisha. Uko kwenye kompyuta. Uko kwenye kumbukumbu ya printa. Ile nakala mama iko mezani. Zile ishirini mbovu ziko kwenye ndoo. Na masta iko kwenye boksi, ukiitoa ukaikunjua ukaiinua kwenye mwanga unasoma kila swali. Mahali sita hapo, na mwenye mtihani anaondoka na katoni lake kalifunga solotepu vizuri anaamini kaondoka na kila kitu. Kijana wa dukani anayelipwa elfu tano kwa siku, akiambiwa kuna mtu anatoa elfu hamsini kwa picha tu, mnategemea nini?

Dukani kwangu kazi ya mitihani siipokei mpaka mwenyewe akae nayo mwanzo mwisho. Anakuja na kompyuta yake anaprinti hapo, haikopiwi kwangu. Simu zote zinakaa kaunta, hata yangu. Mbovu zote zinachanwa mbele yake anaondoka na vipande vyake, masta anaichukua, tunasaini wote wawili kwenye daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Inachelewesha kazi na wateja wengine wananuna, ila sijawahi kuitwa kuulizwa.

Wilaya yenu ikiwa na mashine yake ya kudurufu, hata moja ya mtumba, iwekwe chumba kimoja chenye mlango mmoja, nusu ya tatizo imeisha. Hela ya kukusanyia karatasi kwenye boti na kuzihesabu na kuzifungia, si ndo mnunulie mashine hiyo?

---

Mwl wa Mwambao (Kigoma)

Kaka wa Kudurufu umenifungua macho, ile ya masta sikuwahi hata kuifikiria, na sisi kwetu mitihani inadurufiwa dukani hivyohivyo. Nimeandika yote kwenye daftari langu la kikao.

Mzee Mstaafu na hiyo ya maswali kumi pembeni nimeielewa, naamini kamati itaikubali maana inawapa wanachotaka bila kutunyang'anya sisi. Kasulu Kwetu hoja yako ya uchambuzi naibeba pia, tukigawana walimu wa masomo kila mmoja akaandika somo lake inawezekana, kazi ya siku mbili tatu wakati wa kusahihisha kwa pamoja.

---

Mwl wa Nukta Nundu (Tabora)

Naomba kuongeza kitu kabla hamjafunga mjadala maana kila mara kwenye mipango ya usalama watoto wangu wanasahaulika mpaka asubuhi ya mtihani.

Nafundisha wasioona na wenye uoni hafifu. Mtihani wao lazima mtu auandike upya kwa nukta nundu au kwa maandishi makubwa, na hiyo kazi haifanyiki asubuhi ileile. Grafu na maumbo ya Hisabati ndo usiseme, kila mchoro unafikiriwa upya uguswe kwa kidole ueleweke. Sasa nimeshaona mara nyingi mitihani ya wilaya na ya mkoa, kwa ajili ya usiri, wanakataa kutoa karatasi mapema, matokeo yake mtoto anasomewa maswali kwa sauti chumba kimoja na mwenzake, au anaruka maswali yote yenye mchoro na anahesabiwa amekosa. Huo usiri umemlinda nani?

Baraza la Mitihani wanajua hili, kwenye mtihani wa taifa watoto hawa wanaandaliwa karatasi zao na wanaongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Wilaya zinashindwaje? Dawa ni ndogo, mwandishi wa nukta nundu awe ni mmoja wa kamati ya kutunga tangu mwanzo, ale kiapo kama wengine, akae chumba kilekile. Usimchukulie kama mtu wa nje anayeletewa siri, awe ndani. Na mkishaachia maswali baada ya mtihani, achieni na nakala ya nukta nundu, vitabu vyetu vya mazoezi ni vichache mno, mtihani mmoja mzuri kwetu ni hazina ya mwaka mzima.

---

Mwl wa Mwambao (Kigoma)

Asante sana mwalimu, hili linaingia. Swali langu la mwisho kwa Mzee Mstaafu. Huku kwetu ziwa likichafuka boti haziendi, kuna shule mtihani unaweza kufika kesho yake. Tukisema maswali yaachiwe mara tu mtihani ukiisha, zile shule zilizochelewa si zitakuwa zimeshauona? Mjini watarusha kwenye magrupu saa nane, sisi tunafanya kesho asubuhi.

---

Mstaafu wa Uyui (Tabora)

Umeuliza la maana. Usiandike kwenye waraka kwamba yaachiwe siku ya mtihani, andika kwamba yaachiwe shule ya mwisho ikisharipoti imemaliza. Mratibu wa kata anapiga simu, anasema shule zangu zote zimemaliza, afisa taaluma anatia alama kwenye orodha, orodha ikijaa ndo karatasi zinarudi kwa watoto. Mpaka hapo zikae kwa mwalimu mkuu kwenye bahasha, hata kama ni siku tatu. Hizo siku tatu mzazi atavumilia, ukimweleza.

Na kwa shule za mwambao karatasi zitangulie siku mbili kabla, lakini zisilale shuleni, zilale kituo cha polisi cha karibu kama ule wa taifa. Bahasha iwe ya plastiki ya kufungwa mara moja, ukifungua lazima uichane, iandikwe namba, na namba hiyo isomwe kwa sauti mbele ya watahiniwa kabla haijachanwa, watoto wawili wasaini kwamba waliiona nzima. Watoto wa la saba wanaweza kazi hiyo na wanaifanya kwa umakini sana.

---

Mama Wawili (Mwanga, Kigoma mjini)

Siku tatu tunavumilia. Mwalimu kwenye hicho kikao mwambie mwenyekiti kuna wazazi tuko tayari kuja kuongea wenyewe, mi nitakuja na wenzangu wa sokoni. Na hiyo taarifa ya uchambuzi aliyosema Mwl wa Kasulu ya Hisabati ya la saba, mwenye nayo kwenye simu naomba anitumie, baba yake yuko nyumbani Jumapili.

---

Kasulu Kwetu

Ninayo mama, nakutumia sasaivi. Anzeni na yale maswali ya sehemu.